Posa Kati ya Magitaa

Habari ya kifo cha Maganga ilinikuta uani kwangu, Mikumi, nachambua mchele. Aliyenipigia simu ni Kasimu, bosi wetu wa zamani, na kwa kuwa Kasimu hajapata kujifunza kufikisha jambo taratibu, alisema tu, "Zaina, mtani wako ametangulia. Tunazika leo alasiri, hapa Kilosa. Njoo upesi, watani hatuna." Hakunipa pole, na wala hakukosea. Kwetu mtani hapewi pole, mtani anaitwa kazini. Mimi ni Msagara, Maganga alikuwa Mnyamwezi, na Wasagara na Wanyamwezi wanataniana tangu zama zile babu zake walipokuwa wakikatiza kwenye milima yetu na mizigo kichwani, wakienda pwani. Mnyamwezi akifa, sisi ndio wa kuvaa nguo zake, kuiga mwendo wake na kumsema ovyo pale pale msibani mpaka wafiwa wacheke, wakubali kula. Nikaweka ungo chini. Mume wangu, aliyekuwa anamwagilia mchicha, akauliza nani kafariki. Nikamwambia ni mtani wangu mmoja wa Kilosa. Akasema, "Masikini. Basi nenda ukawachekeshe." Nikaingia chumbani kutafuta kanga, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikalia kilio cha mtu aliyefiwa na mume, na mume wangu yupo hapo nje na ndoo yake.

Nikapanda basi la Kilosa. Tulipita kijiji cha Ulaya, tukavuka mto Miyombo, mahindi yamebeba kulia na kushoto, na mimi akili yangu imeshatangulia kwenye chumba kimoja cha kule Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, ambacho leo ni duka la dawa za mifugo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipoanza kazi mle. Kasimu aliigeuza sebule yake ya mbele kuwa kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu za watu: kompyuta moja ya zile zenye kisogo kirefu, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mkewe Mwanaidi, feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia, benchi moja la mbao la kutukalisha sisi wafanyakazi wawili, na pazia la maua lililotenga kazi yetu na maisha yao. Nyuma ya pazia vitunguu vilikaangwa, watoto walichapwa na kubembelezwa, na Mwanaidi aligombana na kuku kutwa nzima. Mchana ukiwa na joto la Kilosa, lile linalokufanya ujute kuzaliwa na ngozi, tulikuwa tunamwaga maji sakafuni na kuvua viatu. Ninavyokumbuka kile chumba, nahisi ubaridi wa saruji nyayoni mwangu. Nyumba yangu ya leo ina vigae, na sijawahi kuupata ubaridi ule.

Mwaka ule ndio MP4 ziliingia Kilosa. Zilikuwa redio bapa za Kichina, zinaenea kiganjani, zina kioo kidogo cha kuonyesha picha, na kila kijana aliyeuza ufuta wake vizuri alitaka kuning'iniza moja shingoni. Siku moja mteja akaleta ya kwake, mpya, tumjazie nyimbo. Maganga hakuweza kushika kitu bila kukichokonoa. Akakuta ndani yake wimbo mmoja wa Kichina uliokuja nayo kutoka kiwandani, akauminya. Mama wa Kichina akaanza kuimba, na pale kiooni maandishi yao yakawa yanapanda mstari kwa mstari, ule unaoimbwa unang'aa, uliokwisha unafifia na kuondoka.

"Msagara, hebu njoo uone mambo," akaniita. Hakuwa ananiita Zaina hata siku moja. Nikaja. Tukautazama ule wimbo mpaka mwisho, hatuelewi neno, tumekodoa macho kama watu wanaotazama mazingaombwe. Halafu akaichomeka MP4 kwenye kompyuta, akakuta kando ya wimbo pamekaa faili jingine dogo lenye jina lile lile. Alipolifungua, kila mstari ulianza na mabano ya mraba, ndani yake tarakimu, kisha maandishi ya Kichina. Akajikuna kidevu. "Hizi ni dakika na sekunde," akasema. "Wimbo ukifika hapa, unatoa mstari huu. Ala! Kumbe ni kuandika tu."

Kuandika tu! Jaribio la kwanza kioo kilituchunia, hakikuonyesha kitu. La pili likatuchunia. Kasimu akapita, akasema kama tumeishiwa kazi kuna banda la kuku linahitaji kufagiliwa. Kumbe jina la faili la maneno na jina la wimbo vilitakiwa vifanane kila kitu, hata ile nafasi iliyoachwa katikati, na mimi nilikuwa nimeacha nafasi mahali ambapo wimbo haukuacha. Tulipolirekebisha, tukaminya, tukasubiri. Mwimbaji mmoja wa dansi la zamani akafungua kinywa, na Kiswahili chetu kikapanda kiooni pamoja naye. Nilipiga kigelegele mpaka Mwanaidi akachungulia kutoka nyuma ya pazia, ana mwiko mkononi, akauliza nani kajifungua.

Tangu hapo tukawa na kazi yetu, nayo iliwavuta watu kutoka hata Magole. Kibao cha mlangoni kilisema tunarusha nyimbo na kuchaji simu, Maganga akaongeza kwa mkono wake, "Zenye maneno zipo." Kazi tuligawana hivi: mimi nina sikio la maneno, nayanasa hata mwimbaji akiyatafuna, hivyo nilisikiliza na kuyaandika. Yeye alikuwa na sikio la wakati. Hedifoni zilikuwa jozi moja, waya mfupi, sikio moja langu na moja lake, kwa hiyo hatukuwa na budi kukaa tumegusana mabega kutwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukiandika muda ule mwimbaji anapofungua mdomo, umeshachelewa. Msomaji ataona maneno yameshapita. "Msikilize anapovuta pumzi," alisema. "Kila anayeimba anavuta pumzi kwanza. Mstari uweke pale." Nilikuwa nimesikiliza nyimbo maisha yangu yote na sikuwahi kusikia pumzi. Baada ya hapo sikuweza tena kuacha kuisikia, na ya Maganga pia nikawa naisikia, kwenye sikio langu lisilo na hedifoni.

Utani ulianza mwezi huo huo, maana angewezaje kujizuia? Kulikuwa na wimbo mmoja niliokuwa naupenda, una kipande kirefu katikati ambapo waimbaji wananyamaza, yanabaki magitaa peke yake. Nikawa nausikiliza nikifagia. Magitaa yalipoingia, kioo kilichotakiwa kuwa kitupu kikapandisha mstari: "Msagara, chini ya benchi hujafagia." Nikamrushia ufagio. Kesho yake yeye akawa anasikiliza wimbo wake, nao ulipofika kwenye magitaa ukamwambia: "Mpagazi, mzigo wa bibi yangu uliupeleka wapi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Ikawa desturi yetu. Kila pengo lisilo na mwimbaji lilikuwa uwanja wetu, na tulitukanana humo matusi ya kitani ambayo mtu baki akiyatamka anapelekwa kwa mjumbe.

Basi, siku ya siku ikafika, tukasahau kufuta. Mwalimu mmoja wa kwaya, Mama Roza, mwanamama wa heshima zake, alichukua nyimbo za kwaya zenye maneno ili wanakwaya wake wajifunzie. Alirudi siku ya pili amekunja uso.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, na usiniamkie. Nani kati yenu kaandika kwenye wimbo wa Bwana kwamba Mnyamwezi ale taratibu, chakula si mkokoteni?"

Kasimu akatoka nyuma ya pazia anafuta mdomo, amepauka. Mimi natamani ardhi inimeze. Maganga akasimama, akaunganisha mikono kifuani, akasema kwa unyenyekevu, "Mama, utusamehe. Huyu Msagara, mimi Mnyamwezi."

Mama Roza akanitazama mimi, akamtazama yeye. Uso wake ukafunguka. "Kumbe watani? Si mseme!" Akakaa kwenye benchi letu, akacheka, akatusimulia jinsi mtani wa baba yake alivyolala kaburini siku ya mazishi akikataa kutoka. Tukamfutia ule mstari, akaenda zake kwa amani. Ndivyo ulivyo utani kwetu: ukishatajwa, hakuna kosa tena, hakuna aliyeumizwa, hakuna jambo lililosemwa kwa kweli. Wakati ule niliona ni neema tupu.

Mchana tulikula pamoja. Mwanaidi alitutolea ugali kwa mlenda, au wali na maharage ya nazi, na siku ambazo Kasimu ameuza vizuri kulikuwa na nyama vipande viwili, kimoja kimoja. Maganga alichukua cha kwangu. Ni haki ya mtani. Akichukua chako huwezi kukasirika, ukikasirika umeaibisha ukoo. Alikiinua juu, akakizungusha, akauliza, "Hiki ni cha nani?" akakitia mdomoni, kisha akakisukuma kile chake upande wangu wa sahani bila kunitazama, kama mtu anayesogeza mfupa. Nilikuwa nakula nyama yake kila mara na kumtukana kwamba ni mroho. Sasa niwaambieni waziwazi, maana nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumwonea haya: nilimpenda Maganga. Nilimpenda mpaka Jumapili, tukiwa tumefunga kazi, nilipita mbele ya kibanda bila safari yoyote. Ila ningemwambiaje? Nikimwambia kwa utani, nimetania. Nikimwambia bila utani, naanzia wapi, wakati hatujawahi kuzungumza namna hiyo hata kwa kuombana chumvi?

Siku moja nikiwa nimevaa hedifoni lakini wimbo umeshakwisha, nilimsikia Kasimu nyuma ya pazia akimwambia mkewe kwamba anafungua kibanda cha pili Mikumi, pale barabara kuu wanapolala madereva wa malori, na atampeleka Maganga.

"Heri," Mwanaidi akasema. "Ila yule kijana aoe kwanza, atapotelea huko kwenye malori. Shangazi yake kesha kumwona binti wa watu huko Tabora. Bado yeye tu kusema ndiyo."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema wampe muda kidogo. Sijui anangoja nini."

Nilibaki na ile hedifoni sikioni, kimya kinavuma humo. Maganga alikuwa pembeni yangu, amezama kwenye kuandika tarakimu za ule wimbo, hakusikia kitu. Nilitaka nimguse bega nimwambie usiende. Nikamwambia, "Mpagazi, sogea, unanibania." Akasogea.

Akahamia Mikumi kabla ya mavuno kuisha. Kompyuta ya kibanda kipya aliibeba kichwani hadi stendi, anayumba makusudi, anaimba wimbo wa wapagazi, watu wanacheka njia nzima, na mimi nyuma yake nimebeba waya, nacheka kuliko wote. Basi lilipoondoka nikarudi kibandani, nikakaa kwenye benchi ambalo ghafla lilikuwa refu mno. Hedifoni nikavaa zote mbili. Nilikuwa nimezoea kusikia muziki kwa sikio moja. Kuusikia kwa yote mawili kulinikera, nikavua.

Lakini kazi haikuisha. Madereva waliolala Mikumi walikuwa na nyimbo kutoka Kongo, Zambia na kwingineko ambazo Kilosa zilikuwa bado, na zingine za Kiswahili ambazo hatukuwa nazo. Maganga alizipata kwao, akazipigia muda, kila pumzi mahali pake, akaacha mistari mitupu. MP4 yetu ya kazi akaikabidhi kwa konda wa basi la Kilosa. Mimi nikajaza maneno, nikairudisha kwa konda yule yule. Wiki haikupita bila kile kidude kuja na kwenda. Jinsi nilivyokingoja! Nilijifanya naenda stendi kununua karanga. Konda akiniona tu, anakitoa kwenye mfuko wa shati na kusema, "Shemeji, mzigo wako," nami namjibu mimi si shemeji yake, Mnyamwezi si mtu wa kuolewa naye, huyo ni wa kubebeshwa. Konda anacheka. Nami naondoka nimekishika kifuani, bado kina joto la mwili wa konda. Katika zile nyimbo Maganga alikuwa ameshaniwekea matusi yake kwenye magitaa, na ndiyo niliyoyasoma kwanza kabla ya kazi.

Siku ile ilikuwa karibu na Ramadhani. Wimbo wenyewe ni wa Kiswahili, wa taratibu, na magitaa yake yalikuwa marefu kuliko yote tuliyowahi kupata. Niliketi kwenye benchi, nikauacha uende. Mwimbaji akanyamaza. Gitaa la kwanza likaingia, na kioo kikapandisha neno moja.

"Zaina."

Nikasubiri. Gitaa la pili likajibu la kwanza.

"Nataka kuleta posa kwenu."

Kisha, baada ya mzunguko mzima wa magitaa:

"Sitanii."

Na mwimbaji alipokaribia kurudi, pale pale anapovuta pumzi:

"Nijibu kabla sijaenda Tabora."

Nilicheka. Jamani, nilicheka! Nilicheka kwa sababu "sitanii" ndilo neno ambalo watani hulisema kuliko maneno yote. Kila mtani anayekuja kukudai mbuzi wa babu yako huanza na sitanii. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimelitamani jambo lile usiku na mchana, na kitu unachokitamani hivyo hakiwezi kukujia kwenye kioo cha vidole viwili kilichobebwa na konda. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hata hilo nikalihesabu kuwa ni ufundi wa utani wake. Nikapiga kelele, "Mwanaidi, njoo uone mambo ya mpagazi!" Nikamwonyesha Mwanaidi. Nikampelekea Kasimu uani alikokuwa anatia maji betri, nikamvalisha hedifoni mwenyewe. Akasoma mistari yote minne. Akanitazama mimi ninavyojipinda kwa kicheko. Akacheka naye, kidogo, akavua hedifoni, akaniambia, "Haya, mjibu basi."

Nikamjibu. Nilitafuta kipande cha magitaa kwenye wimbo mwingine, nikaandika kwa bidii, nikapanga muda kwenye pumzi kama alivyonifundisha: "Lete ng'ombe mia, mpagazi, uwabebe kichwani. Shangazi zangu wanataka kucheka." Nikampa konda. Nilijiona hodari. Wiki ile MP4 ilirudi na nyimbo, muda umepangwa vizuri, na kwenye magitaa hapakuwa na kitu. Nikadhani ana kazi nyingi.

Sikukuu ya Idi alikuja Kilosa. Mwanaidi alipika pilau, tukakaa mkekani kwenye kile chumba cha mbele, pazia limefungwa kando siku hiyo. Maganga alikuwa amekonda, kanzu yake nyeupe imenyooshwa vizuri. Kasimu aliinuka kuwatoa watoto nje, akakawia huko. Tukabaki wawili.

"Ule wimbo uliusoma?" akaniuliza. Alikuwa anachezea punje za wali kwa kidole.

"Niliusoma! Mbavu zangu zinauma mpaka leo. Wewe mtu umelaaniwa."

Nikamsikia akivuta pumzi, vile vile kama waimbaji wetu. Kama angesema neno lolote baada ya pumzi ile, ningelisikia, wallahi, ningelisikia. Halafu akacheka. "Nilijua tu utacheka," akasema. Akanyoosha mkono, akachukua nyama yangu, akaila. Yake hakunisogezea. Nikamwambia mroho mkubwa wee, naye akasema ndiyo, Wanyamwezi ndivyo tulivyo.

Baada ya Idi alikwenda Tabora. Alirudi na mke.

Siku ya kumpokea bibi harusi niliimba kuliko watu wote, nilimtania mume mbele ya wageni, nikadai nipewe fidia ya kuachwa, na watu wakacheka. Nilikuwa nafanya kazi yangu. Nikaenda nyuma ya nyumba kunywa maji, nikamkuta Kasimu ananawa mikono baada ya kuchinja. Akaniambia polepole, ambavyo si kawaida yake, "Zaina, nikuulize. Maganga ulimkatalia nini?"

"Nimkatae wapi?"

"Si kwenye ule wimbo."

"Ule ulikuwa utani, Kasimu."

Akaacha kunawa. "Alikuja kwangu kabla ya kuutuma," akasema. "Akaniomba niwe mshenga wake. Nikamwambia mimi tayari, hata kesho. Akasema, ngoja nimuulize mwenyewe kwanza, nisije nikapeleka barua nikawaaibisha wazee wake. Wewe ukaja na kile kioo unacheka mpaka unapaliwa. Ningesema nini mimi? Nikajua umemkatalia kiungwana. Na yeye ndivyo alivyoelewa. Mtani akikucheka, ameshakujibu bila kukuvunjia heshima."

Nilishika ndoo. Ndani ya nyumba vigelegele vilikuwa vinaendelea, mtu ananiita, "Mtani yuko wapi? Mtani aje acheze!" Nikaenda nikacheza. Ningefanya nini? Binti wa watu alikuwa amekaa pale na hina mikononi, hajui lolote, hana kosa lolote, na alikuwa mzuri. Kabula jina lake. Mwaka uliofuata mimi nami niliolewa, na mtu mwema, tukahamia Mikumi, na Maganga akarudi kukaa Kilosa. Tukapishana hivyo. Tulikutana kwenye harusi na misiba, tukatukanana kama inavyopasa, watu wakafurahi. Nyimbo zilihamia kwenye simu, MP4 zikatupwa. Siku hizi binti yangu ananionyesha simu yake inavyopandisha maneno ya wimbo yenyewe, bila mtu kukaa kusikiliza pumzi, na maneno yanachelewa kila mara. Kwenye magitaa kioo kinabaki kitupu. Mara nyingine namwazima simu, natazama utupu ule mpaka mwimbaji arudi. Simwambii kwa nini.

Nilifika msibani wanaume wako nyuma wanamwosha marehemu. Ndani ya nyumba mikeka ilijaa wanawake, na Kabula amekaa kwenye kona, kanga imemfunika hadi machoni, sahani ya wali mbele yake imepoa. Shangazi yake Maganga, bibi kizee sasa, akanishika mkono mlangoni kabla sijamaliza shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Huyu tangu jana hajatia kitu mdomoni. Tusaidie, mtani."

Nilivaa kanzu ya Maganga iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, nikavaa kofia yake. Zilinukia yeye. Nikatembea katikati ya mikeka kwa mwendo wake ule wa kutupa miguu nje, nikamwita kila mwanamke mteja, nikamwambia kila mmoja nyimbo zipo, fedha mbele. Kicheko cha kwanza kikatoka kwenye kona ya wazee. Nikawauliza Wanyamwezi, hivi Tabora ardhi imekwisha mpaka mje kufia kwetu? Nikauliza nani atabeba mizigo yangu sasa. Wakacheka, wengine wanalia na kucheka pamoja, ila Kabula hakuinua kichwa. Nikafika kwenye mlango wa uani, ambapo nyuma yake palikuwa na Maganga na maji yanayomwagika. Nikagonga.

"Maganga!" nikaita. "Uliniletea posa, ukaenda zako bila kungoja jibu la maana. Leo nimekuja kujibu. Nimekubali. Unanisikia? Nilikupenda tangu tukiwa na hedifoni moja, na nimekubali. Sitanii."

Nyumba nzima ililipuka. Wanawake walipigana mabega, bibi mmoja akaanguka ubavu, vigelegele vikatoka hadi nje. "Eti sitanii!" shangazi akasema, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Msagara huyu!" Nilisema tena, nimekubali, nikiwa nimeweka paji la uso kwenye ule mlango, machozi yananitiririka, na wakazidi kucheka, wakisema hakuna mtani anayejua kulia kama mimi.

Nilipogeuka, Kabula alikuwa ameondoa kanga usoni. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, macho mekundu. Akaivuta ile sahani ya wali, akaisogeza katikati, kati yake na nafasi tupu mkekani.

"Miaka yote hiyo ndiyo leo unakuja kukubali?" akaniambia. "Haya, kaa basi tule, mke mwenzangu."

Wakacheka upya. Nikakaa pembeni yake, kofia ya mumewe bado kichwani mwangu, nikanawa, tukala sahani moja.